Anza na Mlima, Salamu Utazikuta Njiani

Kuna kitu kimenikaa kooni siku nyingi, leo acha nikiseme. Vijana wa mjini tunaojifunza Kijapani tumeongezeka, na hilo ni jambo jema. Wengine wameletwa na katuni, wengine wanawinda skolashipu, wengine wanapenda tu. Lakini hebu mtege mmoja wao. Mwambie akusalimie, atakumwagia konnichiwa na arigato mpaka uchoke. Kisha muulize mto unaitwaje. Kimya! Mlima je? Anakuna kichwa. Badala yake atakurushia komorebi, yaani mwanga wa jua unaopenya kwenye majani ya miti, kwa sababu aliliona kwenye zile orodha za intaneti za "maneno yasiyotafsirika". Ndugu yangu, mwanga unaopenya majani unaujua, mti wenyewe huujui?

Msimamo wangu ni huu: anayeanza Kijapani aanze na maneno ya nchi yenyewe, kama vile mlima, mto, mti, jiwe, mvua, bahari na kisiwa. Salamu atazikuta njiani. Najua wapo watakaopinga, kwa hiyo nitoe hoja zangu kwanza.

Hoja ya kwanza, tazama Wajapani wenyewe wanavyowafundisha watoto wao. Mtoto wa darasa la kwanza Japani hufundishwa herufi 80 za kanji, zile herufi zenye asili ya China. Ndani ya hizo 80 kuna yama (mlima), kawa (mto), ki (mti), ishi (jiwe), ta (shamba la mpunga), hana (ua), kusa (majani), sora (anga), ame (mvua) na mizu (maji). Kanji za matumizi ya kawaida zilizomo kwenye orodha rasmi ni 2,136. Kati ya zote hizo, serikali yao imeona mtoto aanze na mlima na mvua. Sisi ni nani hata turuke darasa?

Na hawakukosea. Angalia mwenyewe. Mti mmoja ni 木, ki. Miti miwili ikikaa pamoja, 林, unapata hayashi, msitu mdogo. Ikiwa mitatu, 森, huo ni mori, msitu mnene. Hapo hujakariri, umeelewa. Na mambo hayaishii hapo. Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilikuja na neno shinrin-yoku, kwenda kutembea msituni ili kupumzisha mwili na akili. Shin ni ile herufi ya mori, rin ni ile ya hayashi, yoku ni kuoga. Kuoga msitu! Neno moja lina miti mitano ndani yake, na wewe wa wiki ya kwanza unaiona yote.

Hapo pia unajifunza jambo ambalo huwatesa wengi: herufi moja husomwa zaidi ya namna moja. Ndiyo maana mlima ule wa mita 3,776 Wajapani huuita Fujisan, si Fujiyama. Na ile "san" si "bwana" kama wengi wanavyodhani. Ni herufi ileile ya mlima, imesomwa kwa namna yake ya pili.

Hoja ya pili ni majina. Tuache utani, maneno haya tunapishana nayo barabarani kila siku. Toyota imetokana na jina la ukoo la Toyoda, ambalo herufi zake ni neema na shamba la mpunga. Honda lina shamba la mpunga pia. Yamaha, jina la fundi wa vinanda aliyeanzisha kampuni ile, limeandikwa kwa herufi za mlima na jani. Kawasaki ni mto na rasi. Na Subaru? Hilo ni jina la kundi la nyota ambalo Waswahili tunaliita Kilimia, zile nyota ambazo wazee walizitazama kupanga kilimo. Zitazame zile nyota kwenye nembo ya gari. Watu wangapi wanaiendesha Kilimia mjini bila kujua?

Nenda sasa kwenye majina ya watu. Tanaka ni katikati ya shamba la mpunga. Yamamoto ni chini ya mlima. Kobayashi ni kijimsitu. Hiroshima ni kisiwa kipana. Hata ukishuka kwenye treni pale Tokyo, Shibuya ina herufi ya bonde, na kweli stesheni yake iko bondeni. Ila kuwa macho kidogo, sauti hulegea neno linapounganishwa na lenzake: kawa inakuwa gawa kama kwenye Shinagawa, ta inakuwa da kama kwenye Yamada. Ukishalijua hilo, ramani nzima ya Japani inaanza kuzungumza nawe.

Hoja ya tatu ni kalenda. Siku za wiki za Kijapani zimebeba mwezi, moto, maji, mti, dhahabu, udongo na jua, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili. Sisi tunahesabu, mosi, pili, tatu. Wao wanataja vitu vya duniani na angani. Jifunze herufi saba na wiki nzima ni yako.

Hoja ya nne inatuhusu sisi Waswahili. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi nyingi huishia na irabu kama zetu. Mwingereza atahangaika na hayo, wewe hapana. Tena maneno mengine utadhani umeyasikia nyumbani. Ishi kwao ni jiwe. Hana ni ua. Kawa, ambayo kwetu inafunika chakula, kwao ni mto. Nani atasahau hapo? Mtego mmoja tu: urefu wa irabu. Yuki ni theluji, lakini ukiivuta ile u ya mwanzo unapata ujasiri.

Sasa mpinzani wangu atasema: "Mimi nikifika Tokyo nataka kuuliza bei na choo kilipo, mto wa nini?" Sawa. Sentensi kumi za kuombea njia utazijua kwa wiki moja, na baada ya hapo utakwama palepale, kwa sababu sentensi uliyoikariri nzima haizai nyingine. Lakini yama na kawa zinazaa kila siku. Anayeacha lugha mwezi wa pili mara nyingi si mvivu, ila alipewa vitu visivyoshikana.

Na kuna jambo zito zaidi ya mitihani. Neno tsunami ni tsu, bandari, na nami, wimbi. Tulilijua vizuri Desemba 2004, mawimbi yalipovuka Bahari ya Hindi yakaua watu hata Tanzania na Kenya. Kule Japani, katika kijiji cha Aneyoshi, mkoa wa Iwate, kuna jiwe lililosimamishwa baada ya tsunami ya 1933. Linawaonya watu wasijenge nyumba chini ya pale lilipo. Wanakijiji walitii. Maji ya Machi 2011 yaliishia chini ya jiwe, nyumba zilizokuwa juu zikapona. Kwa watu wale, maneno ya ardhi na bahari hayakuwa mapambo ya daftari.

Hapo ndipo ninapowageukia wenzangu. Ukiyachukua maneno haya ya Kijapani utalazimika kutafuta wenzao kwa Kiswahili, na utashtuka. Wangapi kati yetu tunatofautisha ghuba na hori, rasi na genge, kinamasi na dimbwi? Tumezaliwa pwani au tumehamia, lakini kila kitu chenye maji tunakiita "beach" na kila chenye miti ni "pori". Mto ukifurika Dar es Salaam tunasema mvua imezidi, hatusemi tulijenga bondeni, ingawa jina Jangwani limetuambia miaka yote kwamba pale pana tabia yake. Mtu asiye na neno la mahali hapaoni mahali penyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu: chukua daftari, andika maneno ishirini. Safu ya kwanza Kijapani, ya pili Kiswahili, na Kiingereza kipumzike kidogo. Toka nje ukayataje unapoviona vitu vyenyewe. Ikikosekana theluji, na itakosekana, tazama picha ya Kibo ilhali bado ina theluji.

Au mwenzangu unaonaje, tuendelee na arigato?