Pazia la Kitenge

MACHO YA ZIWA
Na Neema Bahati

Jumamosi iliyopita nilikuwa arusini, na baada ya misa tukateremka ziwani. Bukavu maharusi wasiopiga foto na Kivu nyuma yao ni kama hawakuoana. Nikasimama ukingoni nipunge upepo. Mpiga picha, kijana mwenye adabu zake, akaniita: "Mama, baki pale pale, usitoke. Ukitoka, buchafu butaonekana."

Nikatazama chini. Chupa za plastiki, kandambili moja, mifuko. Basi robo saa nzima nikawa pazia, mimi na libaya langu jipya nililolishonesha kwa pesa ya likirimba, mchango wetu wa zamu.

Foto ikatoka nzuri, sikatai. Kabla wali haujapakuliwa ilikuwa tayari imefika WhatsApp ya kila shangazi.

Jicho hili la kuchagua ni la zamani. Mji ulipoitwa Costermansville, Wabelgiji walijijengea kwenye rasi zilizoingia ziwani kama vidole, wafanyakazi weusi wakapangiwa Kadutu, huko juu mlimani. Hadi leo foto ya "Bukavu la Verte" hutazama maji, na Kadutu iko mgongoni mwa mpiga picha. Ageuke tu: mabati yaliyobanana mteremkoni, mifereji iliyokula nusu ya njia, wasichana wanapanda na bidoni za manjano.

Zile chupa nazo zina safari yake. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, na mlango huo uko hapa hapa mjini. Kilomita chache chini kuna bwawa la Ruzizi 1, la tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mvua ikinyesha, tulichotupa mferejini Kadutu na tulichoangusha kwenye sherehe ufukweni hukutana pale, tabaka juu ya tabaka, hadi mgeni adhani ni nchi kavu. Watu wanazoa mchana kutwa, wengine wanapiga mbizi kuondoa yaliyozama. Yakiwashinda, yanaingia kwenye mitambo, na mtambo ukisimama ni mitaa yetu inayolala giza.

Jioni ile ile umeme ulikatika. Simu yangu ilizima nikiwa bado sijaiona foto niliyoisimamia, nikamtuma mjukuu aipeleke kwa kijana anayechajisha kwa jua.

Sheria ipo. Amri ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini kote. Nenda soko la Nyawera ununue samaki wa sambaza, uone utafungiwa ndani ya nini. Na ng'ambo ya Ruzizi, kwa majirani ambao hatuishi kuwasema, mifuko hiyo ilikatazwa tangu 2008, na ukivuka nayo mpakani unanyang'anywa.

Bibi arusi simlaumu. Ulimwengu unatujua kwa foto za namna nyingine: tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, mtu akitafuta jina la Bukavu anaonyeshwa bunduki. Bunduki zipo, lakini hata foto hizo zimekatwa pembeni. Aliyekuwa akipanga nyanya zake barabarani siku hiyo hayumo. Binti akitaka siku moja ya maji ya buluu, nani amnyime?

Kinachonisumbua ni kwamba zile chupa tuliziona. Yule mpiga picha alizihesabu kuliko wakaguzi wote wa mji. Wageni nao walijua wakae wapi na nani amfiche nani. Tulikuwa watu kama thelathini, wengi wao vijana wenye migongo mizima, na hakuna aliyeinama. Mimi pia sikuinama. Libaya lilikuwa jipya.

Jana mama wa bibi arusi amenitumia ile foto tena. Ameikuza: kati ya kitenge changu na suruali ya mjomba kinachungulia kifuniko cha chupa, cha buluu. Amemwuliza mpiga picha kama kinaweza kuondolewa. Kijana amejibu kwamba ni kazi ya dakika mbili, kwenye simu.