Taa za Mbele za Motokaa Kuukuu

Mwenye motokaa ya zamani asafiriye usiku kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, hasa ukungu wa Julai utandapo Kiganjo na Naro Moru, huona taa zake zimefifia kama koroboi. Shauri la kwanza apewalo ni kununua balbu za wati 100. Shauri hilo ni baya. Katika gari la volti 12, balbu mbili za wati 55 huvuta ampea 9 hivi. Mbili za wati 100 huvuta karibu 17, na nyaya nyembamba na swichi kuukuu hupata moto, pengine zikaungua.

Mara nyingi kosa si la balbu. Umeme hupotea njiani, penye viungo vilivyoshika kutu na penye waya uliolegea uunganishao taa na bodi ya gari. Volti zifikazo kwenye balbu zikipungua sehemu 1 katika 10, mwanga hupungua karibu sehemu 3. Basi fundi na asugue viungo kwa msasa, kisha atie rilei, fyuzi na waya mnene utokao kwenye betri. Balbu ile ile ya wati 55 itamwonyesha dereva mapema mkokoteni wa punda usio na taa.

Lakini taa kali isiyolengwa vema humtia kiwi cha macho ajaye mbele. Apelekaye viazi sokoni Karatina azilenge taa gari likiwa na shehena, kwa kuwa nyuma ikididimia, mbele huinuka.