Nakshi ya Mkono na Nakshi ya Mtambo

Wako watu wasemao kwamba kazi za mikono za kaskazini ya Thailand zimepitwa na wakati. Huuliza: ikiwa mtambo waweza kupiga chapa nakshi ile ile kwa dakika moja, ya nini mwanamke kuketi kitandani pa kufumia majuma mazima? Nakuomba, ewe kijana msomaji, usiyakubali maneno haya kabla hujaitazama kazi yenyewe.

Nenda kwa fikira mpaka Mae Chaem, bonde lililo magharibi ya mji wa Chiang Mai. Huko wanawake hufuma pindo la sini, nguo ya kujifunga kiunoni kama leso yetu. Mfumi hafumi hali anautazama uso wa nguo. Uso umeelekea chini. Wala hatii nakshi juu ya kitambaa kilichokwisha fumwa. Kwa mwiba wa nungu huinua nyuzi chache za mtande, akapitisha uzi wa rangi, akainua nyingine, mstari baada ya mstari. Hesabu yote i kichwani mwake, na akikosa uzi mmoja kosa litaonekana upande asiouona. Aiitaye hiyo kazi ya wasiosoma, na aijaribu! Ni hesabu kama mfundishwayo darasani, ila haina kifutio.

Masonara wa mtaa wa Wualai, Chiang Mai, hawako nyuma. Wazee wao waliletwa kutoka upande wa mto Salween zama za Kawila, aliyeufufua mji huo mwaka 1796 ulipokuwa umebaki mahame baada ya vita na Waburma. Sonara hulifua bamba mpaka likawa bakuli, akalipiga kwa ndani ili nakshi ivimbe, kisha akarudi nje kuikamilisha kwa patasi na nyundo. Katika bakuli hilo hutiwa maji ya manukato ambayo vijana huwamwagia wazee mikononi kwa kuomba baraka, sikukuu ya Songkran ifikapo.

Leo madini ya fedha ni ghali, na wengi wao hufua alumini. Siwalaumu, mkono ni ule ule, na mnunuzi aliyeambiwa kweli hakudhulumiwa. Wala simlaumu maskini avaaye sini ya chapa. Ugomvi wangu ni na mwuzaji akiitaye kitambaa cha chapa kazi ya mkono, na mgeni ambaye humvunjia mfumi bei kwa hoja kwamba kile kingine ni rahisi. Rahisi kwa nini? Kwa kuwa mwenye mtambo aliichukua nakshi iliyokwisha tungwa, asimlipe aliyeitunga hata senti. Sheria ya Thailand ya mwaka 2003 hulinda majina ya bidhaa za mahali. Lakini jina ni kitu kimoja, na nakshi ni kitu kingine.

Utaniambia binti wa mfumi ana hiari ya kutafuta kazi nyingine mjini. Anayo, na aende apendapo. Lakini akiondoka kwa sababu mwiba wa nungu haumpi chakula, hiyo si hiari, amefukuzwa.

Basi ukijaliwa kufika sokoni Chiang Mai, ipindue nguo kabla hujauliza bei. Ya chapa imepauka nyuma. Ya mfumi nyuzi zake zimepita pande zote mbili. Ukiisha kuiona tofauti, mlipe.