Kiswahili si lugha ya kukimbia tu

Kila familia iliyohama Mabalako inakijua Kiswahili cha redio: nani ameuawa, barabara gani imefungwa, msaada utagawiwa wapi. Mwaka 2018 kilikuwa Kiswahili cha Ebola: nawa mikono, usiguse maiti. Habari hizo ni za lazima, hakuna anayebisha. Ubaya ni kwamba lugha imeachwa hapo. Msikilizaji akiomba muziki wa jazz, huambiwa huo ni wa Wazungu, na kwamba mkimbizi anataka unga, hataki ngoma.

Wanaosema hivyo wasikilize kwanza sahani iitwayo "Uhuru Afrika". Ilirekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mwaka ule ule Kongo ilipopata uhuru. Mwenye kazi ni Randy Weston, mpiga piano Mmarekani mweusi. Aliyeipanga miziki ni mwanamke, Melba Liston. Maneno yaliandikwa na Langston Hughes, kisha Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, akayafasiri na kuyatamka kwa Kiswahili. Kwenye ngoma yuko Babatunde Olatunji wa Nigeria, pamoja na Candido Camero na Armando Peraza wa Kuba. Kipande cha mwisho kinaitwa "Kucheza Blues".

Hapo Uzungu uko wapi? Weston alitaka lugha ya Kiafrika ya kutangazia uhuru, akachukua Kiswahili, hiki hiki cha soko la Butembo. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku sahani hiyo mwaka 1964. Hakuna mtawala anayejisumbua kufungia kelele tupu.

Wengine husema jazz ni ngumu. Hii inaanza kwa ngoma na sauti ya mtu anayeita uhuru. Mama muuza mihogo wa Beni atayaelewa maneno hayo upesi kuliko wengi waliokuwa New York siku ile.

Unga ni haki, na wimbo haujazi sufuria. Lakini mtoto aliyekulia njiani, anayesikia Kiswahili kikimwambia "kimbia" na "panga mstari", naye anadai haki yake: kusikia lugha hiyo hiyo ikisema "uhuru". Redio zina nafasi ya matangazo ya kulipiwa asubuhi mpaka usiku. Zitenge basi nusu saa, Jumapili jioni, wakati familia ziko pamoja. Habari za usalama hazitapungua hata moja.