Muvi za Kutengenezwa Upya: Picha Kali, Roho Hakuna

Trela inatoka, mtandao unawaka moto. Muvi ile ya utotoni inarudi, safari hii na mkwanja wa kufa mtu na picha inayong'aa hadi unyoya wa simba unahesabika. Siku ikifika watu wanakata tiketi, na baada ya saa mbili wanatoka na kauli moja: "Aah, ya kwanza ilikuwa kali zaidi."

Mabosi wa studio wana jibu lao: eti mashabiki wanalilia utoto wao tu. Hiyo ni janja ya kukwepa lawama. Ukweli ni kwamba wengi wao wananakili kinachoonekana na kuacha kilichofanya watu wapende muvi.

Ushahidi upo. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 karibu shoti kwa shoti. Skripti ileile, muziki uleule, ikaongezwa rangi tu. Kama kunakili ndiyo dawa, ile ingekuwa balaa. Badala yake Van Sant akapewa Razzie, tuzo ya waliovurunda, kama mwongozaji mbovu wa mwaka. Kwa nini? Mwaka 1960 Janet Leigh, staa mwenye jina, anauawa bafuni muvi haijafika hata nusu. Watu hawakuwa wamezoea kitu hicho, na Hitchcock aligoma kabisa waliochelewa wasiingie ukumbini. Mshtuko ule ndio uliokuwa muvi yenyewe. Mwaka 1998 dunia nzima ilishajua nani anakufa na anafia wapi. Shoti zikanakiliwa, mshtuko ukagoma.

Njoo kwa The Lion King. Ile ya 1994 ilichorwa kwa mkono. Mufasa akifa, nyusi za Simba zinashuka, macho yanajaa, na ukumbini hata wababe wanajifuta machozi kwa siri. Mwaka 2019 wakataka wanyama wafanane na wa mbugani kabisa. Haya, simba wa mbugani analia vipi? Sura ya mtoto aliyefiwa na baba ikabaki karibu sawa na sura ya mtoto anayeota jua. Walimrudisha hadi James Earl Jones kwenye sauti ya Mufasa, wakarefusha muvi kutoka dakika 88 hadi 118, na bado moyo haukuguswa. Pumbaa likawa si jina la ngiri tu, bali hali ya mtazamaji: kapumbazwa na teknolojia, katoka mtupu.

"Mbona iliuza?" Ndiyo, ilivuka dola bilioni 1.6. Lakini watu wengi walinunua kumbukumbu ya 1994. Jina ndilo lililouza.

Na kurudia siyo dhambi. Infernal Affairs ya Hong Kong ya mwaka 2002 ilizaa The Departed ya Martin Scorsese mwaka 2006, ikabeba Oscar 4, ikiwemo ya muvi bora. Scorsese alichukua wazo tu, la polisi aliyejipenyeza kwa wahuni na mhuni aliyejipenyeza polisi, akalipanda Boston kwa Wamarekani wenye asili ya Ireland. Likaota mizizi yake. Alikuwa na lake la kusema.

Hapo ndipo penye kesi. Kila tiketi ya muvi isiyo na jipya inamfundisha bosi wa studio kwamba jina la zamani linatosha. Mwandishi kijana mwenye stori ambayo haijawahi kusimuliwa anaambiwa asubiri, fungu limekwisha, limeenda kupaka rangi nyumba iliyokuwa nzuri tangu mwanzo.

Wahenga walisema, ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Kwenye muvi hizi tembo anaigwa na studio, lakini msamba unaopasuka ni wa mtazamaji, na nauli ya kurudi nyumbani analipa mwenyewe.