Mtoto hafelishwi na mtu mmoja

Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, nchi ilishtuka. Watahiniwa 240,903, yaani sita katika kila kumi, walikuwa wamepata daraja sifuri. Tume ikaundwa, madaraja yakapangwa upya, na kila kijiwe kikawa na swali moja: nani kawafelisha watoto wetu? Wengi walikuwa na jibu hata kabla ya swali kuisha. Mwalimu. Watoto wale walikaa darasani miaka 11, saba ya msingi na minne ya sekondari, na miaka yote hiyo walikuwa na wazazi, walimu wakuu, kamati za shule, maofisa elimu na wenyeviti wa vijiji na mitaa. Lakini lawama ilipotafuta pa kutua, ilitua kwa mwenye chaki. Imani hiyo haijafa. Mzazi huisema kwa kifupi, "mwalimu ndiye anayelipwa," na kiongozi huisema kwa ukali anapomfokea mwalimu mkuu mbele ya wananchi. Mimi nasema imani hiyo si kweli, na inawaumiza watoto walewale inaodai kuwatetea.

Tuanze na hesabu ya saa. Kalenda ya shule zetu ina takriban siku 194 za masomo kwa mwaka. Mtoto wa darasa la tano akipata vipindi vinane vya dakika 40 kila siku, bila kupotea hata kimoja, anafundishwa saa zipatazo 1,034. Mwaka mzima una saa 8,760. Kwa hiyo mwalimu, hata awe hodari kiasi gani, ana mtoto huyo kwa chini ya asilimia 12 ya mwaka wake. Sisemi nyumba igeuzwe darasa. Nasema kwamba saa hizo nyingine ndizo zinazoamua mtoto anafika shuleni akiwa katika hali gani: amelala vya kutosha au amekesha akiuza karanga stendi, amekunywa uji au ametoka na maji matupu, jana kuna mtu alifungua daftari lake au halijafunguliwa tangu lilipotiwa alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Mwalimu hupokea matokeo ya saa hizo kila asubuhi, kisha jioni tunamdai kana kwamba alizimiliki yeye.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ni jaribio la KiuFunza. Mwaka 2013 na 2014 taasisi ya Twaweza, ikishirikiana na watafiti wa uchumi, ilifanya jaribio katika shule za msingi 350 za wilaya 10 za Tanzania Bara. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika kundi la pili, walimu wa madarasa ya mwanzo waliahidiwa bahasha kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata chochote. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Fedha zilifika, vitabu na vifaa vikanunuliwa, lakini watoto walibaki palepale. Bahasha peke yake ilionyesha dalili fulani za mafanikio. Vilipokutana vyote viwili, watoto walijifunza zaidi, na zaidi kuliko jumla ya kile kila kimoja kilileta kilipokuwa peke yake. Ni kweli kwamba jaribio hilo halikuwapima wazazi. Lakini lilithibitisha kwa takwimu jambo ambalo kila mpishi wa Uswahilini analijua, kwamba figa moja haliinjiki chungu. Anayetoa vifaa bila kujali juhudi za mwalimu anapoteza fedha, na anayemkamua mwalimu bila kumpa vifaa anapoteza muda.

Tumeshaona pia nini hutokea lawama yote inapoelekezwa mahali pamoja. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kutangaza nafasi ya kila shule ya msingi kitaifa na ndani ya wilaya yake. Shule iliyoshika mkia ilijulikana mpaka kilabuni. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua takwimu za shule zote nchini za mwaka 2011 hadi 2016, wakaona mambo mawili. La kwanza, matokeo ya shule za mkiani yalipanda. La pili, shule hizo zilipunguza idadi ya watoto wanaofika darasa la saba na kufanya mtihani. Soma jambo hilo la pili taratibu. Shule iliyotakiwa kubeba mzigo peke yake, bila mzazi, bila kata, bila halmashauri, iligundua njia ya mkato: kumpunguza mtoto dhaifu. Mtoto aliyehitaji msaada kuliko wenzake aligeuka kuwa tishio kwa jina la shule. Sidhani mwalimu mkuu aliyeamua hivyo alizaliwa mkatili. Alikuwa amewekwa peke yake mbele ya ubao wa matokeo.

Hata ndani ya uzio wa shule, imani hii hugawanya walimu wenyewe. Matokeo ya mtihani wa darasa la saba huhesabiwa kuwa ya mwalimu wa darasa la saba, ndiyo maana shule nyingi huwapanga walimu wao mahiri kwenye madarasa ya mitihani, huku darasa la kwanza, ambalo mara nyingi ndilo lenye watoto wengi kuliko yote, likiachwa kwa yeyote aliyebaki. Mtoto asiyejua kusoma anasukumwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa miaka sita, kisha wa mwisho kumpokea ndiye anayeitwa kujieleza ofisini. Hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote katika mpangilio wetu, kwa sababu hapo hatuna cha kusingizia: hakuna fedha inayohitajika kumhamishia mwalimu bora kule ambako msingi unajengwa.

Sasa, wapo watakaosema hoja yangu haina jipya, kwamba "elimu ni jukumu letu sote" imeandikwa kwenye kuta za shule miaka nenda rudi. Imeandikwa kweli, na hapo ndipo kosa la pili lilipo. Jukumu la wote lisilogawanywa huwa halina mwenyewe. Chukua ajenda ya kikao cha wazazi cha kawaida: kufungua kikao, muhtasari wa kikao kilichopita, matundu ya vyoo, madawati, malipo ya mlinzi, mengineyo. Taaluma ikitajwa, hutajwa kwenye mengineyo, watu wakiwa tayari wamesimama wanakung'uta nguo. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, watafiti walijaribu katika vijiji 280 kuona kama mikutano ingebadilisha kitu. Katika baadhi ya vijiji, wanakijiji walielezwa haki na wajibu wa kamati zao za elimu. Kwingine walifundishwa pia jinsi ya kuwapima watoto wao kusoma. Mikutano ilifanyika, watu walizungumza, na hakuna kilichobadilika, si katika ushiriki wa wazazi wala katika kusoma kwa watoto. Lakini palipoongezwa kazi moja mahususi, yaani vijana wa kijijini waliopata mafunzo ya siku chache kuendesha vikundi vya kusoma baada ya saa za shule, watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa. Vijiji vile havikukosa uchungu na watoto wao. Vilikosa jibu la nani afanye nini, siku gani.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba wazazi wengi hawakusoma, kwa hiyo hawana msaada. Pingamizi hili linachanganya kufundisha na kufuatilia. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe asome kwa sauti jioni, na masikio yake yatamwambia kama mtoto anatiririka au anababaisha. Upimaji wa kusoma uitwao Uwezo, ulioanza kwetu mwaka 2010, haukufanyika shuleni. Vijana wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2011 takriban watatu tu kati ya kila watoto kumi wa darasa la tatu waliweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Kipimo hicho huchukua dakika chache, hapohapo uani, mama akiwa anachambua mchele. Mzazi aliyeshuhudia mwanawe akikwama kwenye neno la silabi tatu amepata taarifa ambayo ripoti ya shule, yenye nafasi ya 47 kati ya 112, haijawahi kumpa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ukigawa wajibu, unampa mwalimu mzembe pa kujificha. Wapo walimu wazembe, na sitawatetea. Benki ya Dunia ilipotembelea shule zetu kwa kushtukiza mwaka 2014, karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani walikopaswa kuwa. Lakini wengi wa hao walikuwa ndani ya eneo la shule. Walionekana na mwalimu mkuu, na mwalimu wa zamu, na mjumbe wa kamati aliyepita njia. Uzembe wa namna hiyo hustawi pale ambapo kutazama si kazi ya mtu. Magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule zilizoongezewa mwalimu wa mkataba. Madarasa yalipungua kutoka wastani wa wanafunzi 82 hadi 44, lakini waliobaki na walimu wa serikali hawakuongeza alama kwa kiwango cha maana, kwa kuwa walimu hao walilegeza juhudi. Na karibu theluthi ya nafasi za mkataba zilikwenda kwa ndugu wa walimu waliokuwapo. Wazazi waliokuwa kwenye kamati walipojengewa uwezo wa kusimamia, yote mawili yalipungua, ulegevu na kujuana. Kumbe kuwaingiza wengine hakukumficha mzembe. Kulimwanika.

Pingamizi la tatu nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu linatoka kwa watu waliowahi kuumizwa: kwamba "kushirikiana" ni jina jipya la michango. Mzazi anakumbuka mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ya dawati au ya mlinzi. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango kuanzia Januari 2016, watoto wapatao milioni mbili waliandikishwa darasa la kwanza, na hakuna hoja inayoweza kuwageuzia kisogo. Lakini wengi walisoma neno "bila malipo" kama "bila mzazi". Waraka namba 3 wa mwaka uliofuata ulilazimika kuorodhesha nani anawajibika kwa nini: serikali kwa ruzuku na gharama za mitihani, mzazi kwa sare, madaftari na chakula cha mwanawe. Orodha ile ilikuwa mwanzo mzuri, ila iliishia kwenye vitu. Haikusema nani atajua kwamba mtoto fulani wa darasa la pili hajui kusoma, na atafanya nini akijua. Na serikali isidhani hoja hii inaipunguzia mzigo. Darasa lenye watoto 120 na mwalimu mmoja, wakati kiwango chake yenyewe ni watoto 45, ni deni la serikali, na mzazi anayefuatilia maendeleo ya mwanawe ndiye atakayelidai kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza muhula huu. Kila shule ya msingi iwapime watoto wa darasa la pili kusoma aya moja, mmoja mmoja, mjumbe wa kamati akiwapo. Waliokwama waandikwe kwenye orodha inayokaa kwa mwalimu wa darasa, na mbele ya kila jina yaandikwe majina mengine matatu: mwalimu atakayemfundisha mtoto huyo kusoma upya, mtu wa nyumbani atakayemsikiliza akisoma jioni, na kijana wa kitongoji atakayekaa na kikundi chake Jumamosi. Mwalimu mkuu aingize kipindi hicho kwenye ratiba. Ofisa elimu kata akifika shuleni aombe kwanza orodha hiyo, kisha ndiyo aulize habari za majengo. Kwenye kikao cha wazazi isomwe idadi tu, wangapi walikwama muhula uliopita na wangapi wamebaki, wala asiaibishwe mtoto yeyote. Isomwe baada ya dua ya kufungulia, watu wakiwa bado wamekaa.