Gari likikosa nguvu Ras Kisimani, tusianze na fundi, tuanze na mafuta

GARI linapopoteza nguvu katikati ya Dar es Salaam, mwenye nalo hukasirika, hulisukuma kando na kumpigia fundi simu. Gari hilohilo likipoteza nguvu Ras Kisimani, ncha ya kusini-magharibi ya Kisiwa cha Mafia, habari huwa nyingine. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Vipuri vingi hutoka Bara kwa kuvuka bahari. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kungoja chombo cha kesho kutoka Nyamisati kilete pampu ya mafuta.

Kwa sababu hiyo, swali la kwa nini gari halichanganyi si la gereji pekee. Ni swali la usalama wa raia, na majibu yake yanaigusa Serikali kama yanavyomgusa dereva.

Tuanze na gereji. Mazoea yaliyoenea nchini ni kutibu kwa kubahatisha. Gari likikosa nguvu hununuliwa plagi, zikishindwa hununuliwa pampu, pampu ikishindwa hushushwa injini. Mjini kosa hilo hula fedha. Kisiwani hula fedha na siku kadhaa za kusubiri.

Njia iliyo sahihi ni kuuliza kabla ya kufungua. Je, injini inanguruma kwa kasi lakini gari haliendi? Basi injini huenda ni nzima, na mgonjwa ni klachi au gia. Je, gurudumu moja lina joto kuliko mengine? Hapo breki imeng'ang'ania. Moshi nao una lugha yake: ukiwa mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa, na chujio la hewa ndilo la kutazamwa kwanza, ukiwa wa buluu, injini inachoma oili, ukiwa mweupe mfululizo huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi inashukiwa.

Gari likienda vizuri mahali tambarare lakini likakata pumzi penye mchanga mzito au mlima, mara nyingi injini haipati mafuta ya kutosha: chujio limeziba au pampu imechoka. Likikosakosa na kushtukashtuka, tazama plagi, koili na nyaya zake. Katika mwambao, chumvi iliyomo hewani hula viungio vya umeme taratibu, kama bahari ilivyokula sehemu kubwa ya mji wa kale wa Kisimani, ambao mabaki yake yangali yakionekana ufukweni. Haya yote yakiwa salama ndipo hupimwa mgandamizo wa silinda, mkanda wa taimingi na ekzosi iliyoziba.

Hata hivyo, liko swali linalopaswa kutangulia yote hayo, nalo ni hili: gari lilianza lini kukosa nguvu? Likijibiwa kwamba ni baada ya kujaza mafuta, mtuhumiwa wa kwanza amekwisha kupatikana.

Watanzania hawahitaji kukumbushwa neno kuchakachua. Mwaka 2010 neno hilo lilivuma kutoka kwenye vituo vya mafuta hadi kwenye majukwaa ya Uchaguzi Mkuu. Chanzo chake kilikuwa hesabu nyepesi: mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, hivyo aliyeyachanganya alipata faida ya haraka. Aliyelipa gharama ni mwenye gari. Petroli yenye mafuta ya taa huifanya injini igonge na plagi zichafuke. Dizeli iliyochanganywa hupunguza ulainishaji wa pampu na nozeli, zikalika kabla ya wakati wake.

Serikali haikukaa kimya. Septemba 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, ili mkaguzi aweze kubaini kituoni kama mafuta yamechanganywa au yamekwepa kodi. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa sana, kishawishi kikapungua. Kenya ilipita njia hiyohiyo mwaka 2018 ilipoweka tozo ya Sh18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hatua hizo zilikuwa na machungu kwa maskini anayewasha kibatari, lakini ziliugusa mzizi wa tatizo.

Tatizo ni kwamba vinasaba havimkamati adui wa pili, yaani maji. Maji hayachanganyiki na petroli. Hutuama chini ya pipa, dumu au tenki. Katika hewa yenye unyevu wa bahari, chombo kilichojaa nusu hukusanya matone ndani yake. Mafuta yakiwa safi bohari ya Dar es Salaam bado yanaweza kuharibika katika mkono wa mwisho. Hatari hiyo haichagui cheo: Julai 2025 magari ya msafara wa Rais wa Iran, Masoud Pezeshkian, yalizimika njiani baada ya kujazwa mafuta yaliyokuwa na maji.

Katika vijiji vingi nchini mkono huo wa mwisho ni dumu na chupa kando ya njia. Muuzaji si lazima awe mwovu. Huenda hana chombo kikavu wala kifaa cha kupimia. Kumkimbiza bila kuleta kituo rasmi ni kuwaacha wanakijiji bila mafuta kabisa. Linalotakiwa ni vituo vidogo vyenye leseni vijijini, na ukaguzi unaofika visiwani kwa ratiba inayojulikana, ukipima maji pamoja na vinasaba, na matokeo yake yakabandikwa mahali wananchi wanapoyaona.

Dereva naye ana wajibu wake. Achuje mafuta, adai risiti, amwage maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli, na akitilia shaka petroli aiweke kidogo kwenye chupa angavu, mbali na moto. Maji yatajitenga chini. Mafuta ya taa hayataonekana kwa jicho, na hapo ndipo raia anapomhitaji mkaguzi.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe uko kwenye dumu la mwisho, mbali na macho ya wakaguzi. Ukiachwa, mkazi wa Ras Kisimani ataendelea kununua vipuri vya kutibu ugonjwa ulioingia kwa kupitia mdomo wa tenki.